Uzinduzi wa Chumba cha Kusomea kwa Kaya Zilizotoa Televisheni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao. Mheshimiwa Naibu wa Mheshimiwa Mwenyekiti. Waheshimiwa wakuu wa idara, pamoja na wanaokaimu nafasi za waliokuwa wakikaimu. Wadau wa maendeleo kwa ujumla wenu. Mama mkwe wangu, uliyeketi safu ya mbele kwa sifa zako binafsi. Na ninyi wananchi, mliosimama juani kwa hiari yenu: nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi. Mama mkwe anapunga mkono.)

Mwaka jana, kupitia Mpango Mkakati Shirikishi wa Kupunguza Utazamaji Holela Majumbani, niliwaomba mtoe televisheni zenu ili mtaa upate chumba cha kusomea, nanyi, kwa uzalendo usio na mfano isipokuwa wangu, mkazitoa. Na leo tafiti, ambazo nimezifanya mwenyewe kwa njia ya kutafakari, zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya kaya sasa huzungumza wakati wa chakula, na asilimia mbili zilizosalia zimenuniana, jambo ambalo kitaalamu nalo ni mawasiliano. (Kicheko.)

(Fundi cherehani, mama wa watoto watatu, ananyoosha mkono: "Kwangu ni kweli, Mheshimiwa. Tangu niitoe ile televisheni, wanangu wanasoma mpaka karatasi iliyofungiwa sukari. Hakuna chenye maandishi walichobakiza, na mkubwa ana mtihani. Hicho chumba tunaingia lini?")

Swali zuri, mama, na uzuri wake ndio unaonizuia kulijibu kwa pupa. Kama mnavyojionea, mlango umekamilika kwa asilimia mia moja: una fremu, una kitasa, una utepe. (Makofi, safu ya mbele.) Wapinga maendeleo watasema kwamba nyuma ya mlango hakuna kuta, nami nawauliza, ni nani kati yenu aliyewahi kuingia ndani kwa kupitia ukutani? Kuta ni awamu ya pili. Paa ni suala mtambuka.

("Basi vitabu tu, Mheshimiwa. Tutasomea hapa hapa kwenye majani.")

Vitabu ni hivyo vilivyopangwa mezani mbele ya kamera, na naomba visifunguliwe, kwa sababu za kiufundi. (Fundi anakigonga kimoja: ko, ko, ko. Umati: "Mbao hizo!") Ni mbao, ndiyo, lakini karatasi hutoka wapi, ndugu zangu, kama si kwenye mti? Sisi tumeanzia mwanzo kabisa wa mnyororo wa thamani.

Kurasa mbele! ("Mbele!" Sauti mbili, zote za idarani.) Kaya inayosoma! ("Haichezewi!" Sauti moja.)

Nahitimisha kwa shukrani. Namshukuru fundi seremala, aliyetuazima mlango wa chumba chake cha kulala. Vijana, urudisheni mara tu tukimaliza, mkewe amejisitiri kwa shuka. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, ambaye hana habari kwamba tupo. Na ninawashukuru wapigapicha, kwani leo chumba kitaonekana kwenye taarifa ya habari, na kikishaonekana, kwa mujibu wa taratibu zetu, kimejengwa.

("Tutakionea wapi, Mheshimiwa, na televisheni umezichukua?")

Yako, mama, ipo sebuleni kwangu. Karibu sana, na watoto uje nao. Ila mpige hodi taratibu. Wanangu hawapendi kukatizwa wakiwa wanatazama.