Miwani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Programu yangu italinyamazisha duka zima la miwani. Fundi wetu wa lenzi, tunayemwita Milimita, bado anaingiza vipimo kwenye mashine kwa mkono, tarakimu moja moja, utadhani anatega bomu. Mimi nimeandika funksheni, kipande kidogo cha programu: naipa jina la mteja, inanirudishia majibu mawili kwa mpigo, kipimo cha jicho la kulia na cha kushoto. Mashine inapokea, inakata lenzi. Milimita kauliza kama nimeijaribu. Wivu!

Mteja wa kwanza atakuwa mama mkwe. Tangu harusi ananiita "yule wa kompyuta". Ataona.

Jumanne, 4 Machi
Kaja amevaa gauni lake la kutokea. Kapimwa. Jicho la kulia halijambo, la kushoto ndilo bovu. Mashine ikavuma, lenzi zikatoka. Nikamvisha mwenyewe. Akanitazama, akasema, "Ahsante, baba."

Baba! Nilitoka nje kujifuta macho. Vumbi.

Alhamisi, 6 Machi
Tulialikwa kwake. Chai kaimimina kando ya kikombe. Kaliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Mke wangu kaninong'oneza kwamba mama akitaka kusoma hufumba jicho la kulia. Nikamwambia miwani mizuri ina mazoea yake. Kanitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kapiga simu kazini. Mama kakosa ngazi. Goti limechubuka, mfupa salama.

Milimita akaomba kuiona programu. Kwa mara ya kwanza sikubisha. Kasoma mpaka mwisho, kisha kanivuta pembeni wenzetu wasisikie. Funksheni haina kosa, kasema, majibu mawili inayarudisha. Ila kwenye kupokea nimeweka kisanduku kimoja tu cha kutunzia jibu! Na lugha hii ya programu haigombi wala haionyi: inalitupa jibu la kwanza, inakuachia la mwisho. Kwa hiyo mama wa watu anatembea na lenzi mbili za jicho la kushoto. Ilitakiwa niandike visanduku viwili ndani ya mabano.

Nikamwambia nilikuwa najua. Akasema anajua kwamba nilijua. Akakaa baada ya kazi, akakata lenzi sahihi kwa mkono wake. Mwenye duka hajaambiwa neno.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango: mama mkwe akisinzia kwenye kochi, nachomoa miwani, nabadilisha lenzi, namrudishia. Nani atajua?

Kaamka vidole vyangu vikiwa masikioni mwake.

Nikaanza kusema nafuta vumbi. Akanishika mkono. "Mwanangu, nilijua toka siku ile ile. Ukuta ulikuwa unakuja, unarudi."

Nikamuuliza sasa kwa nini hakusema.

"Ulivyofurahi vile? Ningeanzia wapi?"

Nikapiga magoti nikalitazama lile goti lenye bendeji. Akanipapasa kichwa kama mtoto mwenye homa. Nikabadilisha lenzi mbele yake. Akavaa miwani, akanikazia macho.

"Kumbe una mvi!"

Tukacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jumatatu, 10 Machi
Ari mpya! Majibu mawili ni mambo ya wanaoanza. Funksheni yangu mpya inarudisha matano: kulia, kushoto, umbali kati ya mboni, upana wa fremu na rangi ya kioo. Milimita kaniuliza kwa upole kama nimehesabu visanduku. Nikamwambia mtu akishakosea mara moja, hiyo imetoka. Nimeweka vinne. Jibu la tano litajibana.

Mteja wa kwanza ni mwenye duka mwenyewe. Kesho anaendesha gari kwenda mkutanoni, na kaahidi kuivaa miwani yake mipya safari nzima.