Nani Anaandika Nyuma ya Mlango wa Jiko?

Jumatatu, 4 Mei

Siku kumi na mbili kabla ya ndoa. Nyumba yangu ya Bulyaga haina rangi, jiko halina lipu, mlango wa kuingilia ni mmoja tu. Baba amekuja kutoka Masukulu na mwiko wake, amefikia kwa Shangazi. Anasema lipu atapiga mwenyewe maana mimi najua kuuza kalamu tu. (Nina duka la vifaa vya shule. Natoa na fotokopi. Siyo kalamu tu!)

Mchumba wangu Felista naye anataka kuja kupaka rangi na kupima mapazia. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma. Shangazi amenikumbusha kwamba kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakigongana kabla ya ndoa, wazee wanakaa upya na tarehe inasogea. Isisogee jamani!

Tatizo: nilishamwambia Felista kwamba sisi ni watu wa kisasa, mila hizo tuliziacha zamani. Nitamgeukaje sasa?

Mpango: Baba asubuhi, Felista mchana. Baba nimemwambia mvua ya mchana inaharibu lipu. Felista nimemwambia asubuhi kuna fundi mkali asiyependa kuangaliwa. Hakuna atakayejua chochote. Safi kabisa.

Jumatano, 6 Mei

Dukani kwa Bushiri na Felista, kununua rangi. Mimi nilitaka nyeupe, yeye bluu. Tulijadiliana kwa kina. Tumechukua bluu. Bushiri alimkabidhi yeye kopo, mimi akanipa brashi nibebe.

Kufika nyumbani, jikoni kuna rafu! Ya mbao, imara, imesimama vizuri. Imetoka wapi? Felista akauliza nani kaiweka kwa kimo chake hasa. Nikasema mimi. Ulimi ulitangulia. Akauliza nilipima kwa kitu gani. Nikasema kwa jicho la mapenzi. Alicheka muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nilimuuliza Baba kwa mbali kama amewahi kutengeneza rafu. Akasema katika maisha yake ametengeneza nyingi. Sasa hilo ni jibu?

Ijumaa, 8 Mei

Balaa! Nilifunga mlango wa jiko nikitafuta brashi. Nyuma yake, kwenye lipu, maandishi ya penseli. Nanakili yote:

"Rafu ishuke kidogo, mkono haufiki. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeshusha. Ndaga fijo, ndizi zilikuwa tamu."

"Kesho naacha nyingine kwenye hotpoti. Kula zikiwa moto."

Mwandiko wa kwanza na wa tatu ni wa Felista. Wa katikati ni wa mwanamume, herufi kubwa, umekandamizwa. Mimi ni mtaalamu wa miandiko, nimetoa fotokopi za nusu ya Tukuyu. Nimefikiri saa nzima. Ni Nelson! Yule wa bodaboda anayemleta Felista kila siku. Walisoma pamoja Isongole.

Lakini mbona shikamoo? Nelson amemzidi mwaka mmoja tu. Lazima ni utani wao wa siri. Na hiyo asante sana ya Kinyakyusa, ndaga fijo, kijana wa pikipiki anajifanya mzee wa baraza!

Halafu Felista alijua wazi kwamba rafu si yangu, akanyamaza akacheka. Kumbe ni mtu wa kuficha mambo! Na mimi hajawahi kuniachia hotpoti. Nimeumia sana.

Jumapili, 10 Mei

Tangazo la tatu la ndoa yetu kanisani. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikamkazia macho Nelson. Alikuwa amesinzia. Ujanja huo!

Baadaye tulikwenda Isongole kwa mama yake Felista kuchukua viazi vya harusi. Felista alipanda kwa Nelson. Mimi nilipanda nyingine, katikati ya magunia mawili. Mama mkwe alimsifu Baba, eti mzee msikivu, ukimweleza kitu leo kesho kimekwisha. Nikashangaa. Nani kamweleza nini?

Njiani kurudi Felista akaniambia kama kuna jambo namficha, nilitoe kabla ya Jumamosi, maana mume wa kubahatisha hamtaki. Alisema bila kucheka. Yeye na Nelson wanaandikiana, halafu mwenye siri ni mimi? Nikasema sina siri yoyote.

Jumanne, 12 Mei

Siku ya mtego. Nilifunga duka. Nikamchukua Shangazi awe shahidi, tukajibanza kwenye migomba mbele ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Saa saba ikakatika. Mara akaja mwanamume kwa haraka, koti la mvua kama la bodaboda, kofia imefunika uso. Akaingia. Saa nane Felista akafika na hotpoti mkononi. Akaingia.

Nikaruka! Nikafunga kufuli kwa nje. Nikapiga kelele kwamba leo nimewapata.

Nyuma yangu mtu akaniuliza nimewapata akina nani. Ni Nelson. Amekaa kwenye pikipiki yake, anakula muhogo.

Shangazi akakumbuka, taratibu, kwamba kwa mvua ile Baba asubuhi hakwenda kazini. Nikalirukia kufuli. Ufunguo nao sikuuona. Dakika kumi na tano! Ulikuwa kwenye soksi, nilikouficha.

Tulipofungua: Felista kona moja, amejifunika kanga kichwa kizima, anatazama ukuta. Baba kona nyingine, koti bado limelowa, paji la uso limeegemea lipu mbichi. Hakuna aliyegeuka. Baba aliuliza ukuta kama mwanawe ana akili timamu. Ukuta haukujibu. Shangazi alijibu.

Jumatano, 13 Mei

Wazee wamekaa. Ndoa imesogezwa hadi tarehe 23, na mimi napeleka jogoo Masukulu kumtuliza Baba.

Felista amenieleza yote. Mila anaijua, kazaliwa Isongole siyo mwezini. Siku ya kwanza aliona koti la Baba kwenye msumari, akajua fundi mkali ni nani. Akaandika nyuma ya mlango ili asimvunjie heshima. Kosa langu, anasema, si mila. Ni kwamba nilimwacha akisie, kisha nikamfungia kama mwizi. Alilia. Mimi pia, kidogo. Amesema ananipa hii wiki moja na hatanipa nyingine. Nimeapa sitamficha kitu tena maishani.

Ijumaa, 15 Mei

Jiko limekwisha, bluu. Inapendeza, nakubali. Nyuma ya mlango Felista kakataza pasipakwe rangi.

Nimechungulia. Baba: "Jumatatu natoboa mlango wa pili upande wa migomba, tusigongane tena." Felista: "Ndaga, baba. Shikamoo." Baba: "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Mimi sikutajwa popote. Nimesoma ukuta mzima mara tatu. Ndiyo maana mwandiko wake sikuutambua: miaka thelathini na moja, Baba hajawahi kuniandikia hata neno moja.

Nimechukua penseli. Nimeandika chini, kwa mwandiko wa Felista: "Baba, Andongwisye naye anajitahidi sana. Wewe unamwonaje?" Kesho nitasoma jibu kabla yake, kisha nitafuta.

Jioni Felista ameniuliza kama kuna jambo namficha. Nimesema hakuna. Ile "A" yake ilinisumbua kidogo, lakini imetoka safi kabisa.