Boliti za Lori la Madhuben

Marcelino hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu mwenyewe akiwa hayupo. Marcelino alipewa na mwenyewe, kwa hiari, akashukuriwa, na mara nyingine akawekewa chai. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa suti moja ya kijivu, faili lisilo na karatasi hata moja, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji ya bahari.

Asubuhi moja ya mwaka 1954 alikuwa akipita Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, alipoliona lori. Lilikuwa uani kwa Madhuben, mjane wa Kihindu aliyeuza nafaka, limeinamia upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Marehemu mumewe alilitumia kubebea chumvi miaka mingi, na chumvi ikalila kwa chini taratibu. Marcelino alichutama, akaikwangua boliti moja kwa ukucha. Kutu ilikuwa imezishika boliti zote nne mpaka hujui chuma kipi kinaishia wapi.

Hapa sharti tufichue aibu ya Marcelino: aliwahi kufanya kazi. Miezi saba nzima, karakana ya reli, kabla ya kufukuzwa kwa maneno mengi. Kwa hiyo alijua kitu ambacho wapita njia hawakukijua, kwamba boliti iliyoshikana si boliti iliyokufa. Inataka mafuta ya taa, moto, na subira.

Aliingia dukani, faili kwapani.

"Pole kwa msiba, mama."

"Mume wangu alikufa mwaka juzi," alisema Madhuben, akiendelea kupima choroko.

"Na lori nalo limemfuata. Nimeliangalia, nimehuzunika."

"Injini nzima. Shemeji yangu huiwasha kila Jumamosi. Tatizo springi."

"Springi ni kidonda tu, mama. Ugonjwa ni boliti. Boliti zile hazitoki mpaka siku ya kiyama, na hata siku hiyo zitatoka zikibishana. Gari lisilofunguka ni chuma kibovu. Na ndicho ninachonunua mimi. Nitakusafishia ua wako, na kitu kidogo nitakupa."

Madhuben aliimimina choroko kwenye mfuko. "Utanipa lini?"

"Siku nitakayokiondoa hicho chuma kibovu."

"Haya. Ukiondoa chuma kibovu, unalipa. Tuandikiane?"

"Mama, kuandikiana ni kwa watu wasioaminiana," alisema Marcelino, ambaye kwa sababu za kikazi aliogopa karatasi yenye maneno.

Madhuben alikubali kwamba hilo ni kweli.

Kutoka hapo alivuka barabara hadi duka la Eliakimu, Mchaga wa Machame aliyeuza kahawa na sabuni kwa jumla, mtu wa maneno machache na hesabu nyingi. Alikuwa akitafuta gari la mzigo.

"Lile pale?" Eliakimu alichungulia mlangoni. "Lile limekufa, ndugu yangu."

"Je, likifufuka?"

"Likifufuka nitalinunua."

Marcelino alitoka akipiga mluzi. Lori alikuwa amelipata bure, mnunuzi alikuwa ng'ambo ya barabara, na katikati yao palikuwa na boliti nne tu. Kumwita fundi hakuthubutu, maana fundi angedai fungu lake, na pengine angemweleza mjane ukweli. Basi akaenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza vyuma vikuukuu, akaivua saa yake ya mkononi, akaibadilisha kwa springi iliyotumika na boliti mpya. Kwa Madhuben alieleza kwamba chuma kibovu lazima kisimame sawasawa kwanza, ndipo kikokotwe. Madhuben alisema haraka hana.

Siku ya kwanza alisugua kutu kwa brashi ya waya na kumwagia mafuta ya taa. Vumbi jekundu lilimwingia puani, akapiga chafya kwa lugha tatu. Siku ya pili alipuliza makaa, akazichoma nati mpaka zikawaka, akagonga, akamwagia tena. Spana iliteleza ikamchubua vidole. Akakumbuka la karakana: usilazimishe kulegeza, kaza kidogo kwanza, kisha rudisha, kisha kaza. Boliti ya kwanza ikatoa mlio kama mlango wa msikiti wa zamani, ikasogea kiasi cha unywele. Marcelino alilala chali chini ya lori, jasho likimwingia machoni, na akajikuta anacheka peke yake.

Boliti ya nne iligoma kabisa. Aliikata kwa msumeno wa chuma kuanzia asubuhi ya siku ya tatu mpaka adhuhuri. Madhuben alimletea chai ya tangawizi, akakaa kwenye gunia kumtazama.

"Unajua kazi," alisema.

Marcelino hakuwahi kutukanwa namna hiyo, na cha ajabu, alifurahi.

Alasiri lori lilisimama wima. Akaenda bombani kunawa, akijipangia maneno ya kumwambia Eliakimu. Aliporudi, maneno hayakuwa na kazi tena. Eliakimu alikuwa ameketi kwenye usukani, injini inanguruma, na Madhuben alikuwa akifunga noti kwenye pindo la sari yake.

"Mama, hilo gari ni langu," alisema Marcelino.

"Lako ni chuma kibovu. Nimekukusanyia." Akaonyesha pembeni: springi iliyokatika, nati, na boliti nne zenye kutu, zimepangwa juu ya gunia kwa heshima kubwa. "Hata kipande hakijapotea. Na kwa vile umefanya kazi vizuri, sikudai kitu."

"Nitakwenda polisi."

"Nenda. Uwaambie ulimwambia mjane gari lake zima ni chuma kibovu." Sauti yake haikupanda. "Mafundi watatu walizikimbia boliti hizo. Wanunuzi wa chuma kibovu huwa wanakipiga teke. Wewe ulichutama."

Eliakimu aliinua kofia yake kidogo, akaliondoa lori polepole.

Marcelino aliokota faili lake. Aliiacha springi palepale akaelekea chumbani kwake Mnazi Mmoja, suti imejaa mafuta, vidole vimevimba. Saa hana, lori hana. Tangu akiwa kijana alikuwa ameikimbia kazi ya mikono kama watu wanavyokimbia ndui, na sasa alikuwa ameifanya siku tatu mfululizo, bila malipo, na vizuri.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na hodi. Mlangoni walisimama madereva wawili wa malori ya chumvi.

"Shikamoo, fundi," alisema mdogo wao. "Bwana Eliakimu ametuelekeza kwako. Springi zimekatika, na boliti hazitoki."

Marcelino alifungua mdomo kuwaambia kwamba yeye si fundi. Madereva waliitazama mikono yake, myeusi mpaka kwenye viwiko, wakangoja kwa adabu.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Boliti ngapi?"