Nani Alimlea Katibu wa Riadha

Jumatatu, 4 Mei
Wifi kaja na kadi. Kaishika kwa ncha za vidole, utadhani kitoto kichanga. Chuo kinamwalika kwenye tafrija ya wahitimu wa zamani. Atakayehutubia ni katibu wa chama cha riadha cha taifa, yule kijana mrefu aliyekaa bweni letu miaka ile. Wifi alikuwa dobi wa bweni, mimi mpishi. Yeye kafua fulana. Mimi nimejaza tumbo miaka minne! Kadi yangu iko wapi? Wifi kasema labda wamesahau tu, nisiweke moyoni. Nimeweka. Nataka katibu anitaje mbele za watu, na huyu dobi asikie.

Jumanne, 5 Mei
Nimepiga simu chuoni. Nikabana pua, nikasema mama dobi miguu inamsumbua, hawezi kuja, nafasi yake apewe mama mpishi. Karani mpole ajabu. Katoa pole nyingi, akasema atalishughulikia. Safi! Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 6 Mei
Kalishughulikia! Chuo kinamtumia wifi gari limchukue mlangoni na kumrudisha, kwa sababu ya hiyo miguu. Kapita kunieleza, anatembea kama askari wa gwaride. Anashangaa eti ni nani huyo mwema aliyemsemea. Nikasema hata sijui. Nimevunja kikombe. Tena changu.

Alhamisi, 7 Mei
Binti yangu kanionya nisiende nisikoalikwa, nitawaaibisha. Huyu niliyemfunga nepi! Nimepiga pasi gauni nililovaa kwenye harusi yake.

Ijumaa, 8 Mei
Nimeingia! Mezani mlangoni wamepanga vitambulisho vya kuvaa shingoni. Binti wa mapokezi kainama kuokota kalamu, nikajichukulia chenye utepe mwekundu, kizuri kuliko vyote. Kimeandikwa Profesa fulani. Sawa tu, mvi ninazo.

Wakanipeleka mstari wa mbele. Wifi wa nne! Nikageuka, nikampungia mkono taratibu. Macho yalimtoka.

Katibu kasimama. Kwanza kamtaja dobi aliyemfulia fulana za mbio. Sentensi moja. Makofi. Wifi kanyanyuka kama bibi harusi. Halafu katibu kasema, na kulikuwa na mpishi. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Kasema maharage ya yule mama yalikuwa kokoto, kwa hiyo kila jioni yeye alikimbia kilomita tatu mpaka njia panda kununua mkate, na tatu za kurudi kabla geti halijafungwa. Bila yule mpishi, kasema, asingejua kabisa kama ana mbio. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nalia kwa furaha.

Mara mshereheshaji anamwita Profesa atoe neno la shukrani. Kumbe utepe mwekundu ni wa wasemaji! Basi nikapanda. Nikawaambia profesa simjui, mpishi ndiye mimi, na maharage hayakuwa na tatizo lolote, tatizo ni meno yao ya kudekezwa. Watu wakasimama wote! Katibu kanikumbatia, mabega yanamtikisika. Wifi kafunika uso kwa ile kadi yake. Wivu huo, wivu mtupu!

Jumamosi, 9 Mei
Binti yangu kaniketisha, kanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kwamba mama, yule mtu alikuwa anakikimbia chakula chako. Nikamuuliza, haya, aliyemkimbiza nani? Sabuni ya wifi? Dobi kapata sentensi moja, mimi hadithi nzima na kumbatio juu.

Nimepiga simu chuoni, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe, kujitolea kupika tafrija ya mwakani. Karani kasema watanipigia. Watapiga.

Ila sikai bure nikisubiri. Mchana nimeanza na mkwe wangu, mume wa binti, ambaye kitambi chake kinafika mlangoni kabla yake. Nimembandikia maharage yaleyale ya bweni, sufuria nzima. Kaonja kijiko kimoja. Kaenda kuvaa viatu. Nimechungulia dirishani: huyo, anakata kona mbio, wala hageuki nyuma!

Mwezi mmoja tu mikononi mwangu, huyu ni wa medali.