Maboga kwa Tembo wa Serikali

Jumatatu, 3 Juni 1912. Dodoma.

Makame amenizidi tena! Huyu ni mwanyumba wangu, ameoa mdogo wa Stara, mke wangu. Jana kampandisha mama mkwe gari la moshi mpaka Kikombo na kurudi. Tangu hapo Bi Sikudhani anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "yule". Na kile kiwanja cha marehemu mumewe, karibu na stesheni, bado hakijapata mwenyewe. Amesema wazi: atampa mkwe anayeweza kuongoza watu.

Nimepata njia. Gari la moshi hata mbuzi wanapanda. Lakini nani hapa mjini amewahi kwenda kuwatazama tembo kwa hiari yake? Sisi huwakimbia tu. Upande wa machweo kuna pori ambamo Wadachi wamekataza watu kuwinda. Tutakwenda ukoo mzima na kurudi siku hiyo hiyo!

Nimemwuliza Matonya, Mgogo mwenye punda, anayechunga karibu na huko. Kasema tembo wa pori lile hawaogopi watu. Akaongeza "kwa hiyo..." Sikungoja iliyobaki.

Jumatano, 5 Juni.

Kumbe kuingia porini kunataka ruhusa ya boma. Nimekwenda. Askari wa langoni akaniuliza shida yangu. Nikasema nimepita kumsalimu tu. Akasema nimeshamsalimu, niende.

Nyumbani nimewaambia ruhusa ninayo. Makame akauliza kanipa nani. Nikasema Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe, tena kanishika mkono. Basi na yeye anakuja, eti akamsaidie mama mkwe. Nani kamwalika?

Jumapili, 9 Juni.

Leo nitaandika yote.

Jana tulitoka alfajiri. Matonya mbele. Bibi Tabu, mama yake mama mkwe, juu ya punda, maana miguu imechoka na macho hayaoni vizuri. Kisha Bi Sikudhani, Stara, wanangu wawili, na Makame ndani ya kanzu mpya. Vizazi vinne! Nilitembea kama jemadari.

Jua likapanda. Tulichoona ni kanga tu. Bi Sikudhani akasema kanga wapo hata nyuma ya choo chake. Makame akakohoa kile kikohozi chake cha kicheko.

Lakini nilikuwa na siri. Ndani ya soji, ile mifuko ya mgongoni mwa punda, nilificha maboga yaliyoiva. Tembo hunusa boga kutoka mbali. Nikamwambia Matonya tukapumzike kwenye dimbwi wanakokunywa tembo. Akakataa, upepo unatoka kwetu kwenda huko, utapeleka harufu yetu. Nikamwambia ndiyo vizuri. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaenda.

Walikuja bila sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Mnyama mkubwa kama nyumba, na hata jani halikulia. Jike na mwanawe, na nyuma yao wengine. Punda akaganda.

"Msikimbie," Matonya akanong'ona. "Mmoja akikimbia, tumekwisha wote."

Makame alikuwa ameshakimbia. Alipanda mgunga na miba yake yote. Nusu ya kanzu ikabaki chini.

Jike likaja moja kwa moja mpaka kwa punda. Mkonga ukapita begani kwa Bibi Tabu, ukashuka kwenye soji. Bi Sikudhani alikuwa amefumba macho, midomo inasoma dua. Wanangu wameng'ang'ania miguu yangu. Nilitaka kwenda. Wallahi nilitaka! Lakini miguu wameishika wanangu.

"Makame, niachie nguo yangu!" Bibi Tabu akafoka. "Huna adabu?"

Tembo akatanua masikio. Nikajua tumezikwa.

Ndipo Stara akaenda. Polepole, hatazami juu, kisu cha kumenyea mihogo mkononi. Akakata kamba ya soji. Maboga yakabiringika majanini. Akashika hatamu, akamwongoza punda taratibu, huku akimweleza bibi yake habari za unga na kuni, kama wako jikoni. Nyuma yao tembo akakanyaga boga la kwanza. Pwaa! Wenzake wakaja kula. Sisi tukarudi kinyumenyume mpaka kwenye miamba.

Hakuna aliyeuliza maboga ni ya nani. Walinitazama tu.

Na kwenye miamba, askari wawili wa doria! Wakataka kujua tumeruhusiwa na nani. Bi Sikudhani akawajibu kwa fahari kwamba mkwe wake kapewa ruhusa na Bwana Mkubwa mwenyewe. Mkwe wake! Mara ya kwanza ananiita hivyo. Askari wakanigeukia. Nikaomba maji.

Natakiwa bomani Jumanne. Watu wanasema ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Jumanne, 11 Juni.

Nilifikiri nitakwenda peke yangu. Wamekuja wote, hata Makame, kajaa mikwaruzo. Yeye kaja kutazama.

Pale uani bomani shaushi, mkubwa wa askari, akasoma makosa: kuingia pori la Serikali, kusema uongo, kuwalisha tembo wa Serikali. Kiboko kilikuwa mezani. Sikuweza kutazama kwingine.

Bibi Tabu akateremka kwenye punda, akapapasa mpaka mbele ya meza. Shaushi akainuka, akampa shikamoo. Bibi akaitikia, kisha akasema maboga yale ameyakalia yeye njia nzima.

"Mimi ndiye niliyeyabeba, mwanangu. Kama ni kupiga, anza na mimi."

Shaushi akatazama kiboko, akamtazama bibi, akakiweka kiboko chini ya meza. Nimepewa kuvunja mawe ya barabara mpaka keshokutwa.

Tulipotoka nilitaka kumshukuru bibi. Yeye akaniwahi. Akanishika mkono, akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 14 Juni.

Viganja vimechubuka, lakini kuna habari. Bi Sikudhani katoa kiwanja. Kampa Stara! Kasema mwenye kuongoza watu alijionyesha mwenyewe, tena bila kujigamba. Makame kanuna. Mimi nimeshiriki furaha kwa moyo wote, maana cha mke ni cha mume. Stara anasema tutaona. Kumbe nimeshinda!

Nimefikiri sana huko kwenye mawe. Kosa halikuwa safari. Kosa lilikuwa tembo, mnyama mwenye pua ndefu kupita kiasi. Matonya anasema kusini ya Kilimatinde kuna mto wenye viboko, wale wa majini. Hao hulala tu. Bibi Tabu nimeshamdokeza, kasema yuko tayari hata kesho.

Stara nimemwambia tunakwenda kumzuru shangazi yangu Kilimatinde. Shangazi sina. Lakini njia ni ndefu, tutampata.