Kamati ya Baruti ya Kaunti ya Sorrel

Kwa furaha na unyenyekevu, Kaunti ya Sorrel, jimbo la Montana, inautangazia umma kwamba tatizo la kuchagua baruti kwa wanaoanza kujaza risasi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Limeundiwa kamati.

Hatua hiyo ilihitajika. Huku kwetu mtu akishafyatua bunduki haliachi ganda la risasi porini. Analiokota, analisafisha, kisha analijaza upya gerejini kwake, kwa baruti mpya na kichwa kipya cha risasi. Kazi yenyewe haina makelele. Makelele yako kwenye swali la kwanza: ninunue baruti gani? Anayeanza akiliuliza mgahawani kwa Dottie, wazee wanaokunywa kahawa humpa majibu mengi kuliko idadi yao, na mwaka jana mmoja alimpaka mwenzake pai ya tufaha usoni. Serikali haiwezi kukaa kimya huku pai zikiharibika.

Mimi niliajiriwa kuwa Afisa Mratibu wa Wanaoanza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uongozi wa umma, na niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna shida ya binadamu isiyoweza kupunguzwa na kikao kilichoandaliwa vizuri. Bado naamini, ila sasa naamini polepole.

Mwenyekiti alikuwa Kamishna Gordon Halvorsen, mfugaji wa ng'ombe, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Katika kamati alikaa pia Dale Pruett, jirani yake, ambaye hajawahi kukubaliana naye hata kuhusu upande upepo unakotoka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: Halvorsen alitetea baruti aliyotumia baba yake, Pruett akatetea ya baba yake, na wajumbe wengine nao walikuwa na baba. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, nyasi zikakauka, na kamati ikaendelea kutafakari.

Walikubaliana juu ya kanuni tu. Mezani pasiwe na makopo mawili ya baruti kwa wakati mmoja. Baruti isiyojulikana imwagwe kwenye nyasi, kwani ni mbolea nzuri na haina kazi nyingine. Afisa asimjibu anayeanza kabla ya kamati kuamua. Na yeyote atakayechanganya baruti mbili ahesabiwe kuwa anayeanza, asiketi katika kamati, wala asichague tena baruti hadi kamati itakapomwamulia. Hii ya mwisho aliitunga Kamishna mwenyewe, akimtazama Pruett.

Ili umma usichague ovyo wakati ukisubiri, Kamishna alinunua baruti yote iliyokuwepo dukani kwa Earl, ambayo kwa bahati ilikuwa ya aina moja, ile ya baba yake, na kuihifadhi gerejini kwake katika pipa moja, kwa niaba ya wananchi. Likabaki kopo moja, langu, ambalo Earl alikuwa ameniwekea chini ya kaunta. Mimi pia nilikuwa ninaanza. Mjomba wangu alikuwa ameahidi kunipeleka milimani kuwinda elki, kulungu wetu wakubwa, kwa bunduki ya babu, na mimi nilikuwa nasubiri uamuzi wa kamati kama raia mwema.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda vizuri, mpaka siku ya Jumatatu alipoingia ofisini mwanamke ambaye hakuna aliyemtarajia. Hatukuwa tumewahi kutembelewa na anayeanza.

Alijitambulisha: Marguerite Dufek, muuguzi mstaafu, amehamia kutoka Nebraska. Baada ya miaka ya kuomba, jina lake lilikuwa limetoka katika bahati nasibu ya vibali vya elki. Msimu ungefunguliwa Jumamosi hiyo. Bunduki yake ilikuwa ya kizamani, risasi zake haziuzwi tena madukani, na elki mmoja ndiye angekuwa nyama yake ya msimu wote wa baridi. Maganda alikuwa nayo, vichwa alikuwa navyo, mashine ya kujazia alikuwa nayo.

"Kilichobaki ni baruti tu, mwanangu. Ninunue ipi?"

Nikamweleza kwamba swali lake limepokelewa na litafanyiwa kazi.

"Na nani?"

"Na kamati, mama."

"Kamati imekaa tangu lini?"

Nikamweleza. Akaniangalia kama muuguzi anavyoangalia kipimajoto ambacho lazima kimeharibika. Hapo moyo wangu ukanisaliti. Nikamwambia, kinyume cha kanuni zote, kwamba atapata jibu kabla ya Jumamosi. Akauliza kama hiyo ni ahadi ya ofisi au yangu. Nikasema ni yangu.

"Basi nitasubiri," akasema. "Ingekuwa ya ofisi ningeenda zangu."

Kamati iliitishwa Alhamisi, gerejini kwa Kamishna, ili mgeni apate mafunzo ya vitendo. Wajumbe walikaa kwenye viti vya kukunja kando ya friza. Kamishna akafungua pipa lake amwonyeshe Bi Dufek uzuri wa punje. Kisha, ili kudhihirisha ubaya wa baruti ya Pruett, akafungua na kopo la Pruett kando yake na kujaza kipimio kwayo. Nilikumbusha kwa heshima kanuni ya kopo moja mezani. Nikajibiwa kwamba kanuni ni za wanaoanza.

Simu ya Kamishna ikalia. Alikuwa mkewe: ng'ombe wametoka barabarani. Kamishna akatoa maelekezo marefu kuhusu ng'ombe, na mkono uliobaki, kwa mazoea ya miaka mingi, ukachukua kipimio na kurudisha baruti ilimotoka. Ila haikutoka humo. Baruti ya Pruett iliingia yote ndani ya pipa la Kamishna, na mkono ukalitikisa pipa kidogo, ili isambae vizuri.

Kila baruti huungua kwa kasi yake. Ukizichanganya, hakuna ajuaye kasi ya mchanganyiko, na bunduki inayoweza kupasuka huwa imelala shavuni mwako.

"Gordon," Pruett akasema taratibu, "sijawahi kuona pipa la mbolea kubwa hivyo."

Lakini kiongozi hujulikana wakati wa shida. Kamishna aliweka simu mfukoni, akakohoa, akatangaza kwamba tulichokishuhudia si kosa bali ni muafaka. Pande mbili zilizogombana mwaka mzima zimeungana ndani ya pipa moja. Alipendekeza mchanganyiko huo uitwe Baruti Rasmi ya Kaunti, na Bi Dufek awe mnufaika wa kwanza. Wajumbe, ambao walitaka kurudi nyumbani kula, wakaanza kuinua mikono.

Bi Dufek naye akainua wake. Akasema anashukuru kwa heshima hiyo kubwa.

"Ila mimi ni mgeni tu. Si adabu niwatangulie wenyeji. Kamishna, pakia moja, upige wewe kwanza."

Mikono ikashuka. Wajumbe wawili walikumbuka kwamba waliacha magari yao yakinguruma. Pruett akasogeza kiti chake nyuma ya friza na kusema yuko tayari kushuhudia. Kamishna alilitazama pipa, akaitazama bunduki ukutani, akagusa shavu lake.

Halafu akalibeba pipa nje, akalimwaga lote kwenye nyasi za uani mwake, akienda mbele na kurudi kama mtu anayelisha kuku.

Aliporudi nilimsomea kanuni yake. Kuanzia dakika hiyo alikuwa anayeanza. Anayeanza haketi katika kamati, na kamati haiwezi kukaa bila mwenyekiti, na bila kamati hakuna wa kumwamulia achague baruti gani. Nilimpa pole na kumweleza kwamba swali lake limepokelewa na litafanyiwa kazi.

"Kijana," akasema, "msimu unafunguliwa Jumamosi."

"Ndiyo, mzee. Ndivyo alivyosema na huyu mama."

Ijumaa Kamishna alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini mwa ofisi, kofia magotini. Nikampita. Nikamwachia katibu muhtasi kitambulisho changu cha kazi, maana afisa haruhusiwi kujibu, na nilikuwa naenda kujibu. Nikapitia kwa Earl.

Bi Dufek alikuwa jikoni, maganda yamepangwa juu ya meza, safi kama vijiko vya harusi. Nikamwambia: fungua kitabu cha waliotengeneza vichwa vya risasi zako, chagua baruti iliyoandikwa humo kwa bunduki yako na inayopatikana, anza na kipimo cha chini kabisa, na usiweke mezani kopo la pili.

"Inayopatikana ni ipi?"

Nikaweka kopo langu mezani. Akavaa miwani, akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa hadi akaikuta.

"Earl aliniambia limebaki moja, na mwenyewe anangoja kwenda kuwinda na mjomba wake," akasema. "Wewe na mjomba wako je?"

"Sisi tunasubiri kamati," nikamjibu.

Akanivutia kiti. Nikashika kitabu, nikamsomea kipimo cha chini, naye akaanza kupima.