Bati Zangu na Simu ya Mzee Ilyasi

Jumatatu, 3 Julai 2006
Leo nimekatizwa tena. Nawasimulia wateja safari yangu ya baiskeli kutoka Mpepai, nimefika pale mnyororo unapokatika, simu ya Isidori ikalia. Huyu mkulima wa Matiri, mtu mzima, akaninyanyulia kidole ninyamaze. Mkewe alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Katika hoteli yangu, na chai nimempikia mimi! Zamani watu walifuata maneno yangu. Sasa wanafuata maandazi, na maandazi yangu nayajua.

Ng'ambo ya barabara, mwenye hoteli mwenzangu, Zaidi, anawachajia wateja simu bure. Hana hadithi hata moja, na hoteli yake imejaa.

Jumanne, 4 Julai
Othmar, fundi redio, kaniambia chumba kikizungushiwa bati na waya, mtandao hauingii. Paa ni bati tayari. Nimenunua za kuta. Kwa madirisha, nimeazima kwa Isidori wavu wa waya wa kichanja chake cha kuanikia kahawa. Akauliza wa nini. Nikasema nzi. Kahawa yake kaihamishia mkekani.

Ijumaa, 7 Julai
Asubuhi. Siku yangu kubwa. Mshenga wangu alishafika Ngumbo kumposa Hafidha, na leo baada ya swala baba yake, Mzee Ilyasi, atanipigia simu ya jibu. Kwao mtandao unapatikana juu ya jabali moja tu, na mzee ana goti bovu. Zaidi naye alikuwa anamtaka Hafidha, ila nilimwahi. Nina miaka arobaini na mmoja, nakula na redio. Nimechoka kula na redio.

Jioni. Bati zimefanya kazi. Hakuna simu iliyolia kutwa nzima. Nimesimulia Mpepai hadi mwisho, mara mbili, watu wanne wakisikiliza, mmoja amelala. Simu yangu niliiweka mezani, nikaikodolea macho hadi alasiri. Mzee hakupiga. Wazee wa siku hizi hawana ahadi. Nimeumia sana.

Jumamosi, 8 Julai
Zaidi kavuka barabara. Kasema Mzee Ilyasi jana alinitafuta, akapanda jabali mara tatu, goti limevimba. Hakunipata. Namba ya Zaidi anayo kwa kuwa humuuzia dagaa, basi akampigia kuuliza kama mimi ni mzima. Zaidi akamjibu ni mzima, anasimulia. Mzee akasema mtu anayezima simu siku ya posa ameshajijibu mwenyewe.

Nikatazama simu. Nikatazama bati. Misumari yote nilipigilia mimi, kwa mkono wangu, huku naimba.

Isidori naye kaja. Kahawa yake imeota kuvu mkekani, anataka wavu. Nimemwomba wiki moja.

Alhamisi, 13 Julai
Jana nilikwenda Ngumbo kwa lori la samaki. Nilimwamkia mzee shikamoo nyingi hadi akacheka. Amenisamehe. Jibu hakunipa palepale, kwani Hafidha yuko kwa shangazi yake Liuli, anarudi leo, na lazima amsikie yeye kwanza. Mzee atapanda jabali kesho saa nane. Mara hii ni ya mwisho. Nisipopatikana, binti anapewa mwingine.

Busara inasema nibomoe bati, au kesho nikae nje. Lakini kesho ni gulio, hoteli itajaa, na tayari wako watu wawili wanaoiomba Mpepai kwa jina. Mmoja ni Othmar, anayekunywa bure, lakini mtu ni mtu.

Nimepata njia. Simu yangu nimempelekea Zaidi. Kwake mtandao ni mzuri. Saa nane atampokea mzee na kuzungumza naye kwa niaba yangu, nami nitamalizia mnyororo bila kukatizwa. Kakubali papo hapo, hata chai hakutaka. Nimemkuta ametoka kunyoa, anapiga pasi kanzu. Nilikuwa namdhania vibaya yule bwana.